Ng'ambo ya Ruvuma Wanaandika Kireno

Kilambo, kusini mwa mji wa Mtwara, Ruvuma ni mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo, na kadiri unavyoteremka kuelekea baharini ndivyo mikoko inavyozidi kuziba kingo. Mitumbwi huvuka na watu, samaki wakavu, vitenge, mafuta ya kula, mchele. Bei hupangwa kwa Kiswahili. Wazee wakikutana husalimiana kwa Kimakonde, na akina mama wenye ndugu kule Palma na huku Mahurunga huulizana habari za misiba na harusi kana kwamba maji yale ni kichochoro tu kati ya nyumba mbili. Mgeni akishinda pale asubuhi nzima anaweza kuapa kwamba kingo zote mbili ni nchi moja.

Mpaka itokee karatasi.

Pengine ni cheti cha hospitali cha mama aliyetibiwa upande wa pili. Pengine ni stakabadhi ya forodha, au wito wa polisi, au cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa Palma ambaye sasa anatakiwa kuandikishwa darasa la kwanza upande huu. Karatasi imeandikwa Kireno, na maneno yaliyokuwa yakimiminika muda mfupi uliopita hukauka. Hutafutwa mzee aliyewahi kuishi Msumbiji, au kijana aliyefanya vibarua huko, naye huinama juu ya karatasi akikisia neno moja moja.

Mwanachuo haitwi. Hata akiitwa, hawezi kusaidia. Mjini Mtwara kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilichoanzishwa mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na kinachojulikana zaidi kwa kuandaa walimu. Kipo chuo cha ualimu chenye sifa ya miaka mingi, lipo tawi la Taasisi ya Uhasibu, kipo kituo cha Chuo Kikuu Huria. Mji unatoa wahitimu kila mwaka, na nchi inayozungumza Kireno iko umbali ambao pikipiki huumaliza kabla jua halijawa kali. Lakini lugha ya nchi hiyo haimo katika mipango ya maisha ya vijana hawa.

Anayewauliza sababu hujibiwa haraka na kwa adabu: kitanisaidia nini? Jibu hilo lina hesabu ndani yake. Kiingereza ni lugha ya mtihani na ya usaili wa kazi. Kichina kina viwanda, makandarasi na ufadhili wa masomo. Kiarabu kina dini, na kina Oman na Dubai. Kifaransa kina mashirika ya kimataifa. Kikorea kimeingia vyumbani kupitia tamthilia zinazotazamwa usiku kwenye simu. Kireno huishia kwenye majina ya wachezaji wa mpira. Hata mitaala inasema hivyohivyo, kwa maana Kifaransa, Kiarabu na Kichina vimepata nafasi katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na Kireno hakina nafasi ya namna hiyo. Kijana anayesubiri bumu liingie ili alipe chumba cha kupanga, ambaye amechagua kozi kwa kuangalia kwanza kama Bodi ya Mikopo inaipa kipaumbele, hawezi kulaumiwa kwa kutochagua lugha ambayo hakuna aliyemwonyesha thamani yake.

Ila lawama ipo mahali, na ili kuiona vizuri inafaa kutoka kidogo Mtwara na kwenda Cairo.

Misri na Israeli zilipigana vita vinne vikubwa kati ya mwaka 1948 na 1973, kisha zikatia saini mkataba wa amani tarehe 26 Machi 1979. Amani hiyo ilibaki ya serikali kwa serikali, wananchi wengi wa Misri hawakuiingiza moyoni. Kituo cha kitaaluma ambacho Israeli ilikifungua Cairo mwaka 1982 kilisusiwa na wasomi wengi wa nchi hiyo. Hata hivyo, Kiebrania kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Misri, Chuo Kikuu cha Cairo na kile cha Ain Shams vikiwemo, na madarasa hayo ni ya zamani kuliko mkataba wenyewe. Wanafunzi wa Kiebrania huingia kwa sababu nyingi. Wapo wanaotaka kusoma magazeti ya upande wa pili bila kusubiri mtu awatafsirie. Wapo wanaotazama kazi za tafsiri, za habari, za jeshi, au za hoteli za Sinai ambako watalii wa Kiisraeli wamekuwa wakivuka mpaka kwa miaka mingi. Wengi hulisoma somo hilo huku wakijua kwamba jirani atawatazama kwa jicho la pembeni na vyombo vya usalama vitawauliza maswali. Huko Gaza, ambako uadui haukuwa jambo la vitabuni, Kiebrania kiliingizwa kuwa somo la hiari katika baadhi ya shule mwaka 2013.

Kwa hiyo chuki imejenga madarasa Cairo, na Mtwara, ambako hakuna chuki, hakuna darasa. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Mtu anayekuogopa atajifunza maneno yako, kwa sababu anaamini kwamba unayoyasema yanaweza kumdhuru. Anayekudharau hana haja nayo. Tatizo la Kireno kusini mwa Tanzania ni kwamba kimewekwa katika kundi la mambo yasiyostahili kuulizwa.

Watoto wa madrasa katika pwani hii, kutoka Mikindani hadi Msimbati, hufundishwa habari za Zaid bin Thabit, kijana wa Madina aliyekuwa mwandishi wa Mtume. Alipohitajika mtu wa kuaminika wa kusoma na kuandika barua kwa Mayahudi, Mtume alimwamuru Zaid ajifunze maandishi yao, na imepokewa kwamba alichukua takriban nusu mwezi tu. Kisa hicho husimuliwa ili kusifu akili ya Zaid, na anastahili sifa hiyo. Lakini kina funzo jingine ambalo halisemwi sana. Jamii changa, iliyokuwa na mambo mengi ya haraka kuliko shule ya lugha, iliona kwamba kumwachia mtu mwingine barua zako za jirani ni hatari, ikamtoa kijana wake mwenye akili kuliko wengine ili azishughulikie. Mtwara inawatoa vijana wake wenye akili kila mwaka. Barua za jirani wanaachiwa wazee wa Kilambo.

Inawezekana kudhani kwamba Kireno hakijawahi kuwa na mizizi upande huu wa mto. Historia inasema vinginevyo, na sehemu hii inastahili kusimuliwa polepole kwa sababu inasahaulika hata na wenyeji.

Mpaka wenyewe ni wa Wazungu wawili, Mjerumani na Mreno, waliokubaliana mwaka 1886 kwamba mto Ruvuma uwatenganishe. Mwaka 1894 Wajerumani wakajichukulia Kionga, pembe ndogo ya ardhi iliyo kusini mwa mdomo wa mto, na Aprili 1916, katikati ya Vita Kuu, Wareno wakaichukua tena. Watu wa Kionga walibadilishiwa bendera mara mbili katika umri wa mtu mmoja bila kuhama nyumba zao. Novemba 1917 jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilivuka mto na kuwaangukia Wareno pale Negomano, mahali ambapo leo Daraja la Umoja linagusa ardhi ya Msumbiji.

Halafu ikaja miaka ya 1960. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza za vita vya ukombozi zikapigwa huko Chai, Cabo Delgado. Kuanzia hapo kingo za Ruvuma zikawa uwanja wa vita. Ndege za Wareno zilivuka na kudondosha mabomu kwenye vijiji vya Tanzania, mabomu ya ardhini yakafukiwa katika njia za mashambani, wakimbizi wakamiminika. Baadhi ya vijiji vya mwanzo vya ujamaa katika mkoa wa Mtwara vilipangwa vikiwa pia vijiji vya ulinzi, kwa sababu ya tishio hilohilo. Kwa mkulima wa Newala au wa bonde la mto, Kireno kilikuwa lugha ya rubani aliyekuja kuua.

Na bado, katika miaka hiyohiyo, katika ardhi hiyohiyo ya kusini, Kireno kilikuwa kikifundishwa kila siku. Kambi ya Nachingwea, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Mtwara kabla ya Lindi kumegwa, ilipokea vijana Wamakonde, Wamakua, Wanyanja, Wachangana na wengine ambao wasingeelewana bila lugha moja, na FRELIMO iliamua kwamba lugha hiyo ingekuwa ya adui. Tunduru kulikuwa na shule ya watoto wa wapigania uhuru, wengi wao yatima au wenye wazazi vitani. Mtwara mjini FRELIMO ilikuwa na hospitali yake, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Majeruhi walivushwa Ruvuma wakaletwa hapo, na wauguzi waliandika hali zao kwa lugha ya wale waliowapiga risasi.

Uamuzi huo haukupita kimya. Dar es Salaam, katika Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini, shule iliyoasisiwa mwaka 1963 chini ya uongozi wa Janet Mondlane, wanafunzi waligoma mwaka 1968. Padri Mateus Gwenjere alikuwa upande wao. Manung'uniko yalikuwa mengi, na miongoni mwake walikuwemo walimu weupe wenye asili ya Kireno, na lilikuwemo suala la lugha, maana wengine waliona Kiingereza kingewafungulia milango ya kusoma ng'ambo. Taasisi ilifungwa. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Shule ya sekondari ilipofufuliwa baadaye Bagamoyo, Kireno kiliendelea. Wanafunzi wale wa mwaka 1968 walikuwa wakiuliza swali lilelile la mwanachuo wa Mtwara wa leo, kwamba lugha hii itanifikisha wapi. Tofauti ni kwamba wao waliuliza kwa hasira, wakiwa wameisoma.

Mmoja wa watoto waliokulia katika shule ya Tunduru ni Filipe Nyusi, Mmakonde aliyezaliwa Mueda mwaka 1959, ambaye aliiongoza Msumbiji kuanzia 2015 hadi mwanzoni mwa 2025. Joaquim Chissano, aliyeishi Dar es Salaam katika miaka ya mapambano, alisimama akiwa rais wa Msumbiji mbele ya viongozi wa Umoja wa Afrika huko Addis Ababa mwaka 2004 akahutubia kwa Kiswahili, na wakalimani hawakuwa wamejiandaa. Watanzania husimulia habari hiyo kwa fahari kubwa, nao wana haki. Lakini ni fahari ya upande mmoja. Jirani alikuja kwetu akajifunza lugha yetu hadi akaisemea mbele ya bara zima. Sisi tulibeba nini chake?

Kuna neno linalosaidia kulijibu swali hilo, ingawa halipendezi: Mmavia. Ndivyo Wamakonde wa ng'ambo walivyoitwa upande huu, hasa wale waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na baadaye wakaenea hadi Dar es Salaam wakiwa wachongaji. Neno hilo lilibeba dharau. Lilimtambulisha mtu mwenye chale usoni, mhamiaji, kibarua, asiyejua mambo. Sifa ya Tanzania duniani kwa vinyago vya Kimakonde imejengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya watu hao, na jina hilo bado lilitumika kuwashusha. Dharau ikishamshika mtu haiachi lugha yake salama. Kireno kilikuja Mtwara kikiwa mdomoni mwa mkimbizi, mvuvi, mbeba mizigo na mganga, na kijana aliyepelekwa chuoni ili atoke katika maisha ya namna hiyo hakuona sababu ya kurudi kukitafuta.

Hoja inayopinga yote haya ni nzito, na haifai kupitwa kwa haraka. Wenyeji husema: watu wa kule wanajua Kiswahili. Ni kweli. Mji wa Palma unazungumza Kiswahili. Mocímboa da Praia kuna Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, na kwenye uwanda wa Mueda Kimakonde hakihitaji mkalimani wa kutoka Newala. Msumbiji ni nchi ambayo Kireno chenyewe ni lugha ya kwanza ya watu wachache, na vijijini wengi hawakijui. Kwa nini basi Mtanzania ajifunze lugha ya mkoloni wakati mwenyeji mwenyewe hajaikubali nyumbani kwake?

Jibu liko kwenye karatasi. Ng'ambo wanazungumza kama sisi, lakini wanaandika Kireno. Hukumu, hati ya kiwanja, mkataba wa kazi, leseni ya uvuvi, tangazo la serikali, cheti cha daktari, vyote ni Kireno. Kiswahili kinamfikisha Mtanzania sokoni, kinamlaza kwa ndugu zake, kinamzika kwa heshima. Hakimfikishi ofisini. Na watu wa mpakani huumia ofisini zaidi kuliko sokoni.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 Msumbiji iliwafukuza Watanzania wengi waliokuwa katika machimbo ya rubi ya Montepuez, Cabo Delgado. Walirudi wakilalamikia kuteswa na kupoteza mali. Wengi walikuwa wakiishi huko kwa Kiswahili bila shida hadi siku askari walipofika na kuuliza vibali. Mtu anayeulizwa kwa Kireno na kuandikiwa maelezo kwa Kireno, kisha akapewa karatasi atie saini, yuko peke yake hata kama umati uliomzunguka unazungumza Kiswahili.

Miezi michache baadaye, tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Oktoba 2020 vita hivyo vilivuka mto. Wavamizi waliingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Tarehe 24 Machi 2021 ikashambuliwa Palma yenyewe, na mradi mkubwa wa gesi wa TotalEnergies katika rasi ya Afungi ukasimama. Maelfu walikimbilia Ruvuma. Wengi waliovuka walirejeshwa Msumbiji kupitia Negomano, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza wasiwasi wake hadharani.

Katika miezi ile Mtwara iliishi kwa uvumi. Sauti zilizorekodiwa zilizunguka kwenye WhatsApp, picha za zamani zikatumwa kama za jana, kila mvuvi akaja na habari yake. Magazeti ya Maputo na waandishi wa Pemba walikuwa wakiandika kila siku kuhusu vijiji ambavyo watu wa Mtwara wanavijua kwa majina na wana ndugu ndani yake. Waliandika kwa Kireno. Mji wenye vyuo, wenye redio, wenye wanafunzi wanaojua kutafuta taarifa, haukuwa na kundi la watu wa kuzisoma habari hizo na kuzipeleka kwa wananchi. Wasomi wa Cairo wanaosoma magazeti ya Kiebrania wangeshangaa kusikia hilo. Wao hufanya hivyo kwa nchi wasiyoipenda, na hapa palikuwa na shangazi na wajomba.

Gesi nayo ina maneno yake. Mnazi Bay, pale Msimbati, gesi iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015, miaka miwili baada ya ghasia za mwaka 2013, watu wa Mtwara walipoingia mitaani kupinga rasilimali hiyo kusafirishwa. Miamba ya chini haijui mpaka, na bonde la gesi wanalolichimba Wasumbiji linaitwa Rovuma, jina lilelile la mto kwa herufi za Kireno. Mtwara ina bandari yenye kina kirefu, kumbukumbu njema iliyobaki ya mradi wa karanga ulioshindwa miaka ya 1940, na kila mara mradi wa Afungi unapotajwa wafanyabiashara wa mji huanza kukadiria mizigo itakayopita. Mizigo hupita na nyaraka. Wakala wa forodha, mhasibu, mwanasheria, fundi wa usalama kazini anayesoma maelekezo kwa Kireno, hao ni watu wanaoandaliwa na vyuo. Ni ajira zilezile ambazo vijana wanasema Kireno hakiwezi kuwapa.

Kwa walimu watarajiwa wa Stella Maris kuna jambo la karibu zaidi. Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Vigelegele vilikuwa vingi. Uamuzi huo unahitaji watu wanaoweza kuhamisha maneno kutoka Kireno kwenda Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza kwanza, na unahitaji walimu wa Kiswahili watakaokwenda Beira, Luanda na Maputo kufundisha wanafunzi ambao hawajui Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili anayeeleza ngeli kwa Kiingereza mbele ya darasa la Nampula atakuwa ametoa ukungu kwa kutumia moshi. Kusini mwa Tanzania ndiko mahali ambapo mwalimu wa namna hiyo angeweza kutengenezwa kwa gharama ndogo kuliko kwingine kokote nchini.

Mpaka sasa anatengenezwa mbali. Mwaka 1978 serikali za Tanzania na Msumbiji zilianzisha kwa pamoja chuo cha diplomasia huko Kurasini, eneo lilelile la ile taasisi ya akina Mondlane, na kwa miaka mingi jina lake lilibeba nchi zote mbili. Siku hizi kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Kireno ni miongoni mwa lugha zilizofundishwa pale, na limekuwa jambo jema. Lakini Kurasini ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na anayesoma pale anajiandaa kwa ubalozi. Kireno cha mabalozi kipo. Kinachokosekana ni Kireno cha nesi wa zahanati ya mpakani, cha karani wa mahakama ya mwanzo, cha mwalimu mkuu mwenye cheti cha mtoto mezani.

Walimu wa kuanzia wapo. Vijiji vya Kitaya, Kilambo, Tangazo na Mahurunga vina watu waliosoma shule za Msumbiji hadi darasa la saba au la kumi, waliofanya kazi Pemba, walioolewa Nangade wakarudi. Hawana shahada, na ndiyo maana hakuna chuo kilichowahi kuwatazama kama wenye elimu. Wanajua lugha ambayo maprofesa wa mji wao hawaijui, na wanaitumia bure, wakisimama juani, kwa ajili ya majirani wasiojua kusoma karatasi zao. Chuo kinachoandaa walimu kinaweza kumkaribisha mtu kama huyo darasani, kikampa mhadhiri wa isimu wa kusaidiana naye, na kikaanza na wanafunzi ishirini wanaotaka. Hakuna haja ya kusubiri mtaala wa taifa ubadilike.

Woga upo pia, na hautajwi. Tangu uvamizi wa Kitaya, kijana anayeonyesha shauku kubwa ya mambo ya ng'ambo anaweza kuulizwa na mjumbe, kisha na askari, ana shughuli gani huko. Anayejifunza Kireno peke yake kwenye simu anaweza kuonekana mtu wa kutiliwa shaka. Hilo ndilo jambo pekee linaloifananisha Mtwara na Cairo, na ni sababu nyingine ya kukiweka Kireno ndani ya chuo, mchana, kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, badala ya kukiacha kiwe siri ya mtu mmoja mmoja.

Upande wa pili nao una chuo. Mwaka 2019 Msumbiji ilianzisha Universidade Rovuma, yenye makao makuu Nampula na matawi hadi Cabo Delgado na Niassa. Imepewa jina la mto. Mwanafunzi wa Stella Maris anayeandika utafiti kuhusu Kimakonde, kuhusu wavuvi wa Ghuba ya Mnazi, kuhusu korosho au wakimbizi, ana mwenzake huko anayeandika juu ya mambo hayohayo, katika vijiji vinavyotazamana. Hawajui kama wapo. Tasnifu ya mmoja iko kwa Kiingereza, ya mwenziwe kwa Kireno, na bibi zao wangeweza kuzungumza kutwa nzima.

Korosho yenyewe, ambayo bei yake ikishuka mkoa mzima huugua, ililetwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na tunda lake linaloitwa bibo lina jina jingine la pwani, kanju, kutoka caju la Kireno. Wakati wa msimu, harufu ya mabibo yaliyodondoka chini ya miti hutanda hadi kwenye madirisha ya madarasa ya Mtwara. Mwalimu wa kwanza wa Kireno katika mji huu angekuwa na kazi nyepesi kuliko wanavyodhani wanafunzi wake. Siku ya kwanza angeandika ubaoni caju, kisha mesa, kisha lenço, bandeira, carta, vinho, na kabla hajageuka, darasa lingekuwa linamtajia kanju, meza, leso, bendera, karata, mvinyo.